Diski ya Nakala Ikijaa, Usianze kwa Kufuta

Shule nyingi katika eneo letu la majani chai siku hizi huweka rekodi za karo kwenye kompyuta. Vyama vya ushirika, zahanati, makanisa na ofisi za umma ni vivyo hivyo. Na mara nyingi, kando ya kompyuta ya kazi huwa kuna mashine nyingine chini ya meza au ndani ya kabati la stoo, ambayo kazi yake ni moja tu: kutunza nakala rudufu, ile ambayo wengi wetu huiita bakapu. Mashine hiyo hutazamwa siku ya dharura pekee. Ukurasa wetu wa mafunzo katika toleo hili unahusu seva hiyo ya nakala na ugonjwa wake wa kawaida kuliko yote, diski kujaa.

Niseme mapema kwamba sikusomea kompyuta. Nilisomea uanahabari. Haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kukaa na mafundi nikiuliza maswali, na kwa jambo moja nililolishuhudia.

Kabla ya kuja katika kitengo hiki cha mawasiliano nilifanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Usiku mmoja wa mvua radi ilipiga, stima ikapotea, na iliporudi seva kuu haikuwaka. Hatukuhangaika sana, kwa sababu chumba cha pili kilikuwa na seva ya nakala, taa yake ya kijani ikimetameta kama kawaida. Afisa wa ICT akafungua folda ya nakala na sote tukaona orodha ndefu: faili moja kwa kila siku, kila moja na tarehe yake, mpaka ya usiku uliotangulia. Mkubwa wetu akashusha pumzi. Kisha yule afisa akafungua safu inayoonyesha ukubwa wa faili. Ya jana ilikuwa baiti 0. Ya juzi, baiti 0. Akaipanda orodha polepole, sifuri baada ya sifuri, mpaka alipofika wiki 9 nyuma ndipo akakuta faili yenye kitu ndani.

Diski ilikuwa imejaa wiki 9 kabla ya siku hiyo. Kila usiku programu iliamka, ikafungua faili mpya, ikaipa jina na tarehe, ikakosa mahali pa kuandika, ikaliacha jina peke yake. Na kila asubuhi kuna mtu aliyechungulia orodha, akaona jina la jana lipo, akaridhika. Mkulima yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye kituo cha kununulia majani anaelewa kosa lilikuwa wapi. Karani hahesabu mifuko, anapima kilo. Sisi tulikuwa tukihesabu mifuko.

Kazi niliyopewa mimi ilikuwa kuandika tangazo la kuwaomba wote waliolipa ada katika wiki hizo 9 walete risiti zao. Makarani wawili walikaa wakiingiza upya malipo kutoka vitabu vya risiti vya kaboni. Mama mmoja alifika na risiti zake zimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, akazipanga mezani moja moja.

"Kijana wangu, mimi nililipa," akaniambia. "Ni mashine yenu ndiyo imesahau, ama?"

"Ndiyo mama, ni mashine imesahau."

Huyo alikuwa na bahati, na bahati hiyo aliitengeneza mwenyewe kwa kuhifadhi karatasi. Kuna wengine hawakuwa na risiti, na kwenye kitabu kaboni ilikuwa imefifia. Mabishano nao yalichukua miezi.

Swali la kwanza

Seva ya nakala ikikuletea ujumbe kwamba hakuna nafasi iliyobaki, mkono hukimbilia kufuta. Uzuie. Swali la kwanza si "nifute nini?" Ni hili: nakala nzima ya mwisho ni ya tarehe gani? Fungua orodha, tazama ukubwa wa kila faili pamoja na jina lake, na ulinganishe na za nyuma. Kama nakala ya kila Jumapili huwa gigabaiti 120 na ya Jumapili iliyopita ni 31, hiyo ya mwisho ilikatika katikati. Haihesabiki. Andika kwenye karatasi tarehe ya nakala nzima ya mwisho. Kuanzia siku hiyo hadi leo taasisi yako haina kinga, na mkubwa wako anapaswa kuambiwa hivyo leo, hata kama ni habari chungu. Kisha, kabla ya kugusa kitu kingine, nakili rekodi za sasa kutoka kwenye seva kuu hadi diski nyingine yoyote mliyo nayo, hata ya kuazima. Sasa unaweza kuanza uchunguzi bila kutetemeka.

Kwa nini tahadhari yote hii juu ya kufuta? Mnamo Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti, faili zipatazo milioni 34. Hapakuwa na wizi wala moto. Programu ndogo ya kufuta logi zilizozidi siku 10 (logi ni daftari ambamo mashine huandika kila inachofanya) ilirekebishwa wakati ingali inafanya kazi, ikachanganyikiwa, ikafuta faili za watu badala ya logi. Hiyo ni kompyuta kubwa ya chuo kikuu, yenye wataalamu. Karani wa karo aliyechoka saa kumi na moja jioni anaweza kufanya makosa yaleyale kwa muda mfupi zaidi.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa seva za nakala hasa. Ukipanga faili kwa ukubwa, ile kubwa kuliko zote ndiyo itakayokushawishi uifute, kwa kuwa itakupa nafasi nyingi kwa mara moja. Mara nyingi hiyo ndiyo nakala kamili, na zile ndogo za siku zinazofuata zimeandika mabadiliko tu, yaani yaliyoongezeka tangu ile kamili. Ukiifuta kubwa, ndogo zote zinabaki hazina msingi na haziwezi kurejesha chochote. Ziko pia programu ambazo siku zake hushirikiana faili: kitu kisichobadilika huwekwa mara moja na kuhesabiwa katika siku zote. Kwa programu za namna hiyo unaweza kufuta nakala ya mwezi mzima na usipate nafasi ya maana. Kwa hiyo futa kupitia programu yenyewe ya nakala, ambayo inajua nani anamtegemea nani. Usiingie kwenye folda na kufuta kwa mkono.

Nani amekula nafasi?

Mifano yangu hapa ni ya seva za Linux, kwa sababu ndizo nilizoona zikitumika zaidi kwa kazi hii. Amri ya kwanza ni df -h. Inaorodhesha diski zote, ukubwa wa kila moja, kilichotumika, kilichobaki na asilimia. Usishangae diski iliyouzwa kama ya terabaiti 2 ikionyesha 1.8. Hukuibiwa. Kiwanda huhesabu kwa maelfu kamili, kompyuta huhesabu kwa 1,024. Mfumo wa ext4, unaotumika sana kwenye Linux, nao kwa kawaida hujiwekea asilimia 5 ambayo programu za kawaida haziruhusiwi kuigusa. Kwa hiyo panga kazi yako ukijua una gigabaiti 1,700 hivi, si 2,000.

Soma ile safu ya ukubwa kwa makini, maana ndiyo itakayokuonyesha tatizo ninaloamini linatusumbua sana huku kwetu. Ukanda wa Kericho na Bomet una mvua ya alasiri, radi na mvua ya mawe, na stima hupotea. Stima inaporudi, seva huwaka yenyewe. Lakini ile diski ya nje iliyochomekwa kwa waya inaweza kuchelewa kuamka, na seva ikiisha kuwaka bila kuiona, haiungoji uamkaji wake. Folda ya nakala bado ipo, ila sasa ni folda tupu ndani ya diski ndogo ya seva yenyewe. Usiku ukifika programu huandika humo bila kujua tofauti. Diski ndogo hujaa kwa siku mbili tatu, na seva nzima hugoma.

Dalili yake ni rahisi: df inakuonyesha folda ya nakala iko kwenye diski ya gigabaiti 50 wakati wewe unajua mlinunua ya terabaiti 2. Amri ya findmnt itathibitisha ni diski zipi zimeunganishwa. Tiba pia ni rahisi, lakini ina mpangilio wake. Ukiiunganisha diski ya nje kwanza, zile nakala zilizoandikwa mahali pasipofaa zitafunikwa na hutaziona tena, ingawa bado zinakula nafasi. Hapo ndipo fundi hukuna kichwa: df inasema diski imejaa, lakini ukijumlisha folda zote hesabu haifiki hata nusu. Basi kabla ya kuunganisha, hamisha zile faili kwanza. Kisha mwombe fundi aongeze sharti kwenye programu: kama diski ya nje haipo, usiandike kitu, toa kelele. Ni mstari mmoja tu.

Kama ukubwa ni sahihi na diski kweli imejaa, amri ya pili ni du -xh --max-depth=1. Hii hukuambia kila folda ina uzito gani. Anzia juu, ingia kwenye folda nzito zaidi, rudia, mpaka umfikie mlaji. Ile herufi x huizuia amri isivuke kwenda diski nyingine, vinginevyo itakuchanganyia hesabu. Usiharakishe hatua hii. Nimeona mafundi wakikuta vitu vya ajabu huko: filamu, picha za harusi, nakala ya nakala ambayo mtu aliyehamishwa alijifanyia kama tahadhari na kuisahau, na logi moja iliyokuwa ikiandika kosa lilelile kila sekunde tangu mwaka uliopita.

Hiyo logi inatufikisha kwenye fumbo linalowashangaza wengi. Unaifuta, inatoweka kwenye orodha, lakini df bado inasema nafasi ni sifuri. Sababu ni kwamba programu inayoiandika bado imeishika. Katika Linux, kufuta huondoa jina tu, na nafasi hairudi mpaka wa mwisho anayeitumia faili aiachilie. Amri lsof +L1 huonyesha faili zilizofutwa ambazo bado zimeshikwa na nani kazishika. Anzisha upya programu hiyo moja na nafasi itarudi hapo hapo. Hakuna haja ya kuzima seva nzima.

Na kuna wakati df -h inaonyesha nafasi tele, asilimia 40 haijaguswa, na bado seva inakataa ikidai imejaa. Wengi hudhani mashine imerukwa na akili. Jaribu df -i. Kila faili, hata iwe ndogo kama herufi moja, inahitaji nafasi ya usajili inayoitwa inodi, na katika ext4 idadi ya inodi hupangwa siku diski inapotayarishwa. Fikiria ghala lenye nafasi ya kutosha, lakini kitabu cha kuandikia mizigo kimeisha mistari. Mlinzi hapokei mzigo asioweza kuuandika. Jambo hili hutokea pale nakala zinapohifadhiwa kama mamilioni ya faili ndogondogo: picha za vitambulisho, barua pepe, kurasa zilizoskaniwa. Dawa ni kuzifunga nyingi kuwa faili moja kubwa kabla ya kuzihifadhi.

Kwa wanaotumia Windows nitasema machache. Bofya diski kwa kitufe cha kulia uone nafasi, tazama pipa la taka, na kisha ukumbuke kwamba Windows huweka picha za hali ya zamani ya diski ambazo hazionekani kwenye folda yoyote. Amri vssadmin list shadowstorage itakuambia zimechukua kiasi gani na zimeruhusiwa kufikia kiasi gani.

Mwisho wa uchunguzi, na pengine wengine wangeuweka mwanzo, ni afya ya diski yenyewe. Diski ikianza kutoa mlio wa kugonga, au mfumo ukiigeuza ghafla kuwa ya kusomwa tu isiyoandikika, hilo si suala la nafasi. Amri smartctl -a husoma kumbukumbu za diski. Ukiona idadi ya sehemu zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa inapanda kutoka wiki hadi wiki, acha kuandika, toa vilivyomo, nunua nyingine. Na kama muuzaji atakuambia kwamba seva yako ina diski mbili zinazoakisiana kwa hiyo huhitaji nakala, mshukuru na uondoke. Diski zinazoakisiana hukulinda diski moja ikifa. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, zote mbili zinaifuta kwa pamoja, kwa utiifu mkubwa.

Hesabu ambayo hatukuifanya

Ile ofisi yetu haikukumbwa na jambo lolote kati ya hayo ya ajabu. Diski ilijaa kwa sababu tuliwaza siku ya kuinunua tu. Programu ilikuwa imeagizwa itunze kila kitu milele.

Chukua penseli. Tuseme nakala kamili ya Jumapili ni gigabaiti 120, na mabadiliko ya kila siku kwa siku 6 zilizobaki ni gigabaiti 5 kila moja. Wiki moja ni 150. Gawanya 1,700 kwa 150. Unapata wiki 11 na siku kadhaa. Diski mpya uliyoipokea kwa furaha mwanzoni mwa Aprili itajaa kabla ya Juni 30, siku ya kufunga mwaka wa fedha, ambayo kwa mhasibu ndiyo siku mbaya kuliko zote kukosa nakala. Na kwa taasisi za umma hata wiki 11 ni matumaini, kwa sababu karibu na kufunga vitabu kazi huongezeka na nakala hunenepa.

Sasa amua unachohitaji kweli. Ukisema utatunza wiki 4 za karibuni na nakala kamili moja ya kila mwezi kwa miezi 12, hesabu ni 600 na 1,440, jumla 2,040. Haitoshi. Punguza miezi iwe 6: 600 na 720, jumla 1,320. Ongeza 150 za wiki inayoandikwa kabla ya ile ya zamani kuondolewa, unafika 1,470. Zinabaki 230 za kupumulia. Hiyo inawezekana, kwa mwaka huu. Data ikiendelea kukua, rudia hesabu kila Januari. Kama sheria au wakaguzi wanataka rekodi zikae miaka mingi zaidi, hizo zitolewe kwenye seva hii na kuwekwa kwenye hifadhi ya kudumu. Seva ya nakala si makavazi.

Kutunza kila kitu milele si salama kama kunavyosikika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za watu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa shughuli yake, na sheria hiyohiyo inataka anayezishika aweze kuzirejesha kwa wakati panapotokea hitilafu. Orodha ya wagonjwa au ya wanafunzi haipati ruhusa maalumu kwa sababu iko kwenye diski ya nakala.

Kelele ifike kwa nani?

Seva nyingi zinaweza kutuma ujumbe diski inapofika asilimia 80. Swali ni nani anaupokea. Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za watengenezaji programu duniani kote, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Walipogeukia nakala za kila siku walikuta hakuna kitu, kwa sababu programu ya nakala ilikuwa ikishindwa kwa kutofautiana toleo na hifadhidata. Ilikuwa ikituma barua pepe za kulalamika, lakini barua hizo zilikuwa zinakataliwa njiani na hakuna aliyezisoma. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Waliyaeleza haya wazi kwa umma, na ni jambo la kuheshimiwa.

Kwa hiyo ujumbe uende kwa watu wawili, na angalau mmoja asiwe fundi. Mwalimu mkuu, mweka hazina, yeyote mwenye kuumia data ikipotea. Afadhali zaidi, seva itume ujumbe kila siku, hata mambo yakiwa sawa, ukitaja ukubwa wa nakala ya jana. Siku ujumbe usipofika, hiyo nayo ni habari.

Halafu kuna suala la umbali. Tarehe 29 Agosti 2023, kampuni ya Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya kuunda magari nchini Japani. Siku mbili kabla, wakati wa matengenezo ya kawaida, data zilizorundikana kwenye hifadhidata ya kuagizia vipuri zilikuwa zikifutwa na kupangwa upya, diski ikakosa nafasi, mfumo ukaanguka. Seva ya akiba ilikuwepo. Lakini ilikuwa kwenye mfumo uleule, ikapatwa na shida ileile, na kampuni ikashindwa kuihamia. Waliponea kwa kuhamishia data kwenye seva yenye diski kubwa zaidi. Mafundi wana kanuni ya 3, 2, 1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa shule iliyo kando ya Litein au Sotik hii haimaanishi gharama ya kutisha. Diski ndogo ya nje inayochomolewa kila Ijumaa, ikafungiwa kwenye sefu mahali pengine, haiguswi na radi iliyopiga ofisi wala na mdukuzi aliyeingia kwenye mtandao. Iwekewe nenosiri, maana ikiibiwa ndani yake mna majina ya watoto.

Na mara moja kwa mwezi, pimeni kilo. Chagueni risiti moja ya siku yoyote ya mwezi uliopita, kwa mfano ya mzazi aliyelipa Jumanne fulani. Irejesheni kutoka kwenye nakala, lakini kwenye folda ya pembeni, msije mkaifunika ya asili. Ifungueni. Jina ni lilelile? Kiasi ni kilekile? Andikeni tarehe kwenye daftari na wawili watie sahihi. Katika ofisi niliyoitaja, jaribio kama hilo lingechukua dakika 20 na lingegundua tatizo wiki kadhaa mapema.

Wewe ambaye huna seva, una haki ya kuuliza. Kwenye mkutano mkuu wa chama chenu cha akiba, au siku ya wazazi shuleni, inua mkono uulize: ni lini mara ya mwisho mlijaribu kurejesha rekodi zetu kutoka kwenye nakala, na nani alishuhudia? Jibu la kwamba "tuna bakapu" halijajibu swali. Na utunze risiti zako za karatasi.

Ukimaliza kusoma hapa, shika simu yako. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 kwa barua pepe, picha na mafaili yote kwa pamoja, na nakala za WhatsApp za simu za Android sasa zinahesabiwa humo. Zikijaa, nakala husimama. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya mazungumzo, kisha nakala ya mazungumzo. Utaona tarehe ya nakala ya mwisho na ukubwa wake. Kama wewe ndiwe katibu wa chama cha kina mama na michango yote imeandikwa kwenye kundi hilo, soma tarehe hiyo sasa.